Dakika Kumi na Mbili za Uzee

Nchi ninayotaka kuwasimulia sitaitaja jina. Si kwa woga. Jina lake liko kwenye kamati tangu mwaka juzi, na mpaka kamati itoe taarifa yake, sisi wananchi tumeagizwa tuiite "nchi yetu" huku tukitabasamu. Basi katika nchi yetu hakuna wazee. Mgeni akishuka uwanja wa ndege hukutana na bango linalomwambia hivyo kwa herufi za urefu wa mtu: KARIBU KATIKA TAIFA LISILOZEEKA. Atapiga picha, atacheka, kisha atapokewa begi lake na mpagazi wa miaka themanini na mbili.

Sababu yake ni nyepesi, nami kama raia mwema naieleza kwa fahari. Kiongozi wetu ana miaka tisini na tatu, naye ndiye Mwenyekiti wa Umoja wa Vijana. Cheo chake kamili ni Kijana wa Kwanza wa Taifa. Wanasheria walijifungia hotelini wiki tatu, wakala, wakalala, wakagundua kwamba haiwezekani mtu wa miaka sabini aitwe mzee ilhali kijana anamzidi umri. Huo ungekuwa utovu wa adabu. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Ujana wa Taifa, isemayo kwamba hakuna mzee aliye chini ya umri wa Kijana wa Kwanza. Kila mwaka akikata keki, mpaka wa uzee nao husogea mbele mwaka mmoja.

Walikuwepo watu kumi na mmoja waliomzidi umri. Sensa iliwafikia. Bibi mmoja wa miaka tisini na saba aliingia ofisi ya takwimu asubuhi akatoka mchana akiwa na sitini na mmoja, pamoja na barua ya pongezi. Mkongojo aliendelea nao kwa mazoea tu.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoondoa shikamoo. Maana ukimwamkia mtu shikamoo umeshamwita mkubwa, na ukubwa ni ngazi ya kwanza ya uzee. Sasa bibi wa miaka themanini unamwambia "Mambo?" naye anatakiwa ajibu "Poa." Ukikosea unapelekwa kambi ya vijana siku tatu kurushwa kichurachura. Mheshimiwa mwenyewe hajaamkiwa shikamoo miaka kumi sasa, na inasemekana anafurahi sana.

Serikali haina roho mbaya, ikaacha upenyo. Waziri wa Ujana na Uzee anaweza kutoa Cheti cha Uzee wa Heshima kwa mtu "aliyekomaa kifikra kabla ya wakati wake". Mwenye cheti ni mzee halali: huamkiwa shikamoo na kila mtu, hupewa kiti popote aingiapo, na huishi bure katika makao ya wazee. Uchunguzi umeonyesha kwamba fikra hukomaa mapema zaidi katika nyumba za wakubwa, hasa kwa watoto waliofeli kidato cha nne.

*

Shangazi yangu Bi Sikudhani, dada wa marehemu baba, alikuwa kijana wa miaka themanini na moja. Alikuwa mkunga miaka arobaini, na nusu ya wilaya yetu ilianza kulia mikononi mwake. Alikuwa akikaa kwetu, ghorofa ya nne, sebuleni, nyuma ya pazia. Lifti ya jengo letu imezinduliwa mara mbili lakini haijawahi kupanda. Miaka kumi na mbili shangazi alilala nyuma ya lile pazia, na mtu yeyote aliyekuwa akienda jikoni kuchukua maji alipita miguuni pake.

Mwezi wa tatu alianguka kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Alikaa palepale kati ya ghorofa ya tatu na ya pili mpaka mke wangu Mwanahawa aliporudi kutoka sokoni, akamkuta amekumbatia mfuko wake wa mchicha. Jioni hiyo shangazi akaniita.

"Chande, nataka kuhamia makao ya wazee."

"Shangazi, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Nataka chumba cha chini, chenye mlango wangu mwenyewe. Na nataka nichague mimi, sasa hivi, nikiwa na akili ya kuchagua. Nikingoja, mtanichagulia nyinyi, na nyinyi mara ya mwisho mlinichagulia pazia hili."

Niliumia, sitaficha. Nilimpenda, na papo hapo nikawaza majirani watasema nini. Hayo mawili yaliingia moyoni kwa pamoja, na la pili ndilo lililoingia kwa kishindo zaidi.

Kikaitwa kikao cha ukoo. Kaka yangu Shomari akawa mwenyekiti kwa sababu ndiye mwenye nyumba kubwa. Zikaundwa kamati ndogo mbili, moja ya chakula cha kikao, nyingine ya Watu Watasema Nini. Kamati ya pili ndiyo iliyotoa taarifa ndefu. Kaka Shomari alisimama, akashika kifua, akasema, "Damu yetu haiwezi kupelekwa makao kana kwamba haina wenyewe! Katika ukoo huu shangazi ni taa. Taa haitolewi nje!"

Watu wakapiga makofi. Binamu mmoja akalia kidogo.

"Ahsanteni," alisema shangazi. "Sasa niambieni, nani kati yenu ana chumba cha chini?"

Watu wote wakaanza kutazama dari. Kaka Shomari anakaa nyumba ya chini yenye vyumba sita, lakini kimoja ni cha wageni, na mgeni, alivyotueleza, huja bila taarifa. Kikao kikaahirishwa kwa dua, na wali ukaletwa.

Asubuhi yake nilimwambia shangazi, "Vaa, twende tukachague." Hakunishukuru. Alikuwa ameshavaa.

*

Makao ya kwanza yaliitwa Faraja. Tulipokewa na meneja mwenye suti, akatutembeza katika uwanja wa majani. Pale palikuwa na mawe saba ya msingi, kila moja na waziri wake na tarehe yake. Nyumba haikuwepo.

"Hapa ndipo ukumbi wa chakula," alisema meneja, akituomba tusikanyage. "Na hapa ni chumba chako, dada. Kinatazama bustani."

Shangazi alisimama ndani ya chumba chake, upepo ukimpeperushia khanga. "Choo kiko wapi?"

"Choo kipo awamu ya pili."

"Na mimi nikibanwa awamu ya kwanza?"

Meneja akaandika swali lile kwenye daftari, akasema litawasilishwa ngazi husika.

Makao ya pili yaliitwa Upeo, na yalijengwa kweli, kwa matofali mazuri, juu ya kilima. Kulifikia geti ilibidi upande vidato mia na kumi na mbili. Ofisa pale chini alituambia vidato vile ni sera: vinawaweka vijana wakakamavu. Ilikuwepo njia ya mteremko upande wa nyuma, laini, yenye lami, ila hiyo ilikuwa ya magari ya viongozi wanaokuja kukagua vidato. Shangazi alikaa kwenye kidato cha kwanza, akapumzika, akainuka, akasema tumeshaona.

Ya tatu ndiyo Utulivu. Hapo nilimwona shangazi akibadilika uso. Nyumba ilikuwa ya chini yote, vyumba arobaini kuzunguka ua, milango mipana, vyuma vya kushikia chooni, jiko linalonukia bamia. Alianza kazi. Alikalia kitanda akainuka mara tatu bila kushika kitu. Alihesabu hatua kutoka kitandani hadi chooni: tisa. Aliingia jikoni akaonja maharage, akamuuliza mpishi kama nazi anakuna mwenyewe. Akamuuliza muuguzi, "Mtu akibonyeza kengele, mnachukua muda gani kufika?" Muuguzi akasema hajui, kwa sababu wakazi hubonyeza kengele wakitaka soda tu.

Maana wakazi wote walikuwa wazee wa cheti. Wanaume kwa wanawake, wa miaka ishirini hadi thelathini, wamelala kwenye viti vya kuegemea, visikio masikioni. Mwenyekiti wao aliitwa Mzee Brayani, miaka ishirini na nne, mwenye hereni moja na mto wa shingo. Alitusogelea kwa hatua za taratibu za mtu mwenye hadhi, akasimama akingoja. Kisheria shangazi alitakiwa amwamkie shikamoo.

Shangazi alimtazama kutoka unyayo hadi utosi.

"Wewe si mtoto wa Salha? Yule wa nyumba ya kona?"

"Ndiyo."

"Ulitanguliza miguu. Tulihangaika na wewe tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na ulipotoka ukanikojolea."

"Shikamoo, bibi," alisema Mzee Brayani, kisha akaziba mdomo kwa viganja viwili na kugeuka nyuma kuona nani kasikia.

Hakusikia mtu, kwa sababu ya vile visikio. Akatuonyesha haraka chumba namba kumi na saba, kilichokuwa kitupu. "Wazee wenzangu hawakitaki. Mtandao haushiki." Dirisha lake lilikuwa upande wa mawio. Mlango wake ulikuwa wa mninga, na ufunguo ulikuwa kwenye kitasa. Shangazi aliuzungusha ufunguo, akafunga, akafungua, akafunga tena. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Hiki," aliniambia.

*

Ofisi ya Uzee iko mjini, karibu na mahakama. Karani aliyekuwa dirishani aliitwa Bwana Ngwali, kijana wa miaka sabini na mbili, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na muhuri aliouvaa shingoni kwa kamba ili usiibiwe. Alikuwa ameomba kustaafu mara sita. Mara zote alijibiwa kwamba taifa halipotezi damu changa.

Aliisoma fomu ya shangazi, akaitua mezani kwa upole.

"Tatizo lako, dada, ni ujana."

"Ujana upi?"

"Una themanini na moja. Umekosa uzee kwa miaka kumi na miwili. Mwakani utaukosa kwa kumi na miwili. Mwaka utakaofuata vilevile. Nimepiga hesabu za watu wengi hapa, zote zinatoka hivyohivyo." Akatutazama kwa huruma. "Naweza kukupa nafasi ya mafunzo ya bodaboda. Tena hapa chini kuna ushauri wa Wizara, lazima nikusomee: vijana wa umri wako wasikimbilie kuolewa."

"Nimeolewa mara mbili na kuzika mara mbili," alisema shangazi. "Nataka chumba."

"Tena fomu ya kijana inahitaji sahihi ya mzazi."

Mimi ndiye niliyepandwa na hasira, na kwa kuwa mimi ni raia mwema nilizipeleka kwenye swali. "Bwana Ngwali, hakuna njia yoyote kabisa?"

Ngwali akafungua kitabu cha sheria, akapuliza vumbi. "Ipo ibara ya tisa. 'Siku Kijana wa Kwanza atakapokiri ukubwa wake kwa kinywa chake hadharani, uzee utarudi ulipokuwa, yaani miaka sitini.' Waliiweka ili sheria ionekane ina mlango." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ni mlango wa kuchora, ndugu yangu."

Shangazi alichukua fomu yake, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Kwenye ngazi za ofisi aliniomba tukae. "Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuchagua," alisema. Nikamshika mkono.

*

Wiki mbili baadaye ikatangazwa kwamba Kijana wa Kwanza atafungua rasmi makao ya Utulivu. Yalikuwa yanatumika mwaka wa sita, lakini kitu kisichokatwa utepe kwetu hakihesabiwi kuwa kipo. Vijana wote wa wilaya waliagizwa kujipanga kwa halaiki. Shangazi naye aliletewa skafu ya njano na kibali cha kushiriki, ambacho kukikataa ni kosa.

Basi siku hiyo vijana mia mbili, wastani wa miaka sabini na minne, walisimama juani tangu saa moja. Wengine walikuwa na mikongojo iliyofungwa riboni ili ionekane ni ya gwaride. Wazee walikuwa kivulini wakichezea simu. Bwana Ngwali alikuwa pale kuhakiki vyeti vya wageni, muhuri shingoni. Redio ya taifa ilikuwa ikitangaza moja kwa moja.

Kijana wa Kwanza alifika saa nne. Wanaume wanne walitembea karibu naye. Ni marufuku kusema walimshika. Vijana wakapaza sauti, "Mambo!" naye akainua kidole na msaidizi mmoja akajibu kwenye kipaza sauti, "Poa!" Waziri wa Ujana na Uzee akasoma hotuba kuhusu nguvu za Kijana wa Kwanza, jinsi alivyopiga mbizi, alivyopanda mlima, alivyomshinda ng'ombe mieleka. Aliyekuwa akisifiwa alisimama akiyumba taratibu. Hakukuwa na kiti chake, kwa sababu kijana hakai mbele ya wazee.

Kisha akapitishwa mbele ya mstari. Alipofika kwa shangazi alisimama, nadhani ni kwa sababu miguu ilikataa kwenda mbele. Shangazi akaitazama ile miguu. Alinieleza baadaye kwamba alipoona vifundo vimevimba mpaka viatu vimekata nyama, alisahau alipo. Aliona mtu mzima anateseka, basi. Akainamisha kichwa, akapiga goti nusu kwa ile adabu aliyofundishwa na mama yake, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Shikamoo, baba."

Walinzi waligeuka. Waziri aliacha mdomo wazi. Bendi ya polisi ikakosa pumzi, na kwenye kipaza sauti kilichokuwa hatua mbili kutoka pale taifa zima likasikia sauti ya mkwaruzo, nzito, iliyotoka mbali, ikijibu kabla mwenyewe hajaamua:

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Wewe je?"

"Miguu inaniuma."

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na saba. Tulikuwa tunasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Kisha mtu mmoja katika mstari, simjui, alimgeukia mwenzake akamwambia, "Shikamoo." Akajibiwa. Ikaanza huko, ikapita mstari mzima, ikatoka getini. Baadaye tulisikia kwamba sokoni, stendi, hospitali, kila penye redio, watu walisimama wakaamkiana. Mabinti waliwashika babu zao mikono. Mpagazi wa uwanja wa ndege aliweka begi chini, na mwenye begi akalibeba. Mimi nilimwambia shangazi shikamoo mara nne mfululizo, na machozi yalinitoka, na sioni haya kuyaandika.

Bwana Ngwali ndiye aliyekumbuka kazi. Alitupita wote akikimbia, mtu wa sabini na mbili, akapiga magoti mbele ya shangazi. "Ibara ya tisa! Fomu, bibi, fomu!" Shangazi akaitoa kifuani, yenye joto na jasho. Ngwali akaiweka juu ya ngoma ya bendi, akagonga muhuri kwa mikono miwili mpaka ngoma ikalia. Halafu akajipapasa mifukoni kutafuta fomu yake mwenyewe. Alikuwa ameiacha ofisini, kwenye droo.

Saa nne na dakika ishirini na tisa Waziri alifika kwenye kipaza sauti. "Ndugu wananchi," alisema, "Kijana wa Kwanza amekohoa. Wataalamu wa sauti wamethibitisha kuwa ni kikohozi cha silabi nne, kinachotokana na vumbi na afya njema. Ujana unaendelea."

Uzee ulikuwa umedumu dakika kumi na mbili. Katika nchi nzima alipatikana mzee mmoja.

*

Walijaribu kuufuta ule muhuri. Lakini kanuni zetu ziko wazi: kilichogongwa kimegongwa, na kukifuta kunahitaji fomu ya kufuta, iliyosainiwa na mwenye cheti. Shangazi alisema yuko tayari kusaini mara tu atakapoiona miwani yake. Miwani ilikuwa puani. Ofisa aliandika kwamba haijapatikana, akaondoka. Nadhani na yeye ana mama.

Siku ya kuhama ukoo ulifika wote, maana aibu ilikuwa imegeuka sifa. Kaka Shomari alitoa hotuba kwenye korido ya ghorofa ya nne kwamba katika ukoo huu daima tumemuunga mkono shangazi. "Shomari," shangazi alimkatiza, "shika upande ule wa kitanda." Wakateremsha kitanda ghorofa nne, Kamati ya Watu Watasema Nini ikibeba godoro. Mwanahawa alibeba sanduku la nguo. Mimi nilibeba jiko la mkaa, ndoo, mbuzi ya kukunia nazi, na picha ya baba.

Tulipomaliza kupanga, shangazi alitutoa nje mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilitaka kusema jambo kuhusu ile miaka kumi na mbili ya pazia. "Njoo Jumapili," aliniambia. "Si kila siku. Jumapili." Akafunga mlango, nikasikia ufunguo unazunguka.

Nyumbani tuliondoa lile pazia. Sebule ilipata mwanga mwingi kuliko nilivyotegemea, na sikuupenda.

*

Jumapili nikaenda. Uani wazee walikuwa wakifagia. Mzee Brayani alikuwa akichambua mchele, na hereni ameiweka mfukoni. Nilifika namba kumi na saba, nikasimama. Miaka yote ile nilimpitia shangazi miguuni bila hata kukohoa. Nikabisha.

"Karibu," alijibu. "Lakini punguza sauti, nina mgeni."

Mgeni alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, suruali imekunjwa, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mkononi alikuwa na kikombe cha chai ya mchaichai, na mbele yake sahani ya viazi vitamu. Sura yake naijua, imetundikwa katika kila ofisi niliyowahi kufukuzwa. Viatu vyake vilikuwa mlangoni kama vya mtu yeyote.

"Mambo, Kijana wa Kwanza?" nilisema kwa mujibu wa sheria.

Alikuwa akimtazama shangazi.

"Ndugu zako walikubali uje huku?" alimuuliza.

"Hawakukubali. Sikuwaomba wakubali. Niliwaomba wanibebee kitanda."

Mgeni alisogeza miguu ndani ya beseni. "Changu kimebebwa na watu wengi mno," alisema. "Nikiwaambia wakishushe, wote watakosa pa kushika."

"Umewahi kuwaambia umechoka?"

"Mwaka juzi. Wakaniandikia hotuba kuhusu kuchoka kwa maadui."

Shangazi akamwongezea maji ya moto kwenye beseni. Ndipo tuliposikia ving'ora, breki, milango ya magari. Mlango wetu ukafunguliwa wazi bila taarifa, akaingia Waziri wa Ujana na Uzee, jasho limemtoka, nyuma yake walinzi sita.

"Mambo, Kijana wa Kwanza! Taifa linakusubiri!"

"Wewe!" alisema shangazi. "Hapa si stendi. Hiki ni chumba cha mtu. Toka, funga mlango, na ubishe hodi kama mtoto aliyelelewa."

Nilidhani tutakamatwa. Lakini Waziri ana miaka hamsini na minane, na kabla ya uwaziri alikuwa na mama. Miguu ikamrudisha nje yenyewe. Mlango ukafungwa polepole.

"Hodi!" tulisikia.

Kwetu hodi hupigwa mara tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka, hata kama anasikia vikombe vinagongana ndani. Hilo halimo katika sheria yoyote, ndiyo maana bado linafuatwa. Shangazi akamgeukia mgeni wake.

"Mlango ni wangu," alimwambia taratibu, "lakini anayefuatwa ni wewe."

"Hodi!"

Mimi ni raia mwema, na wajibu wangu ulikuwa kusema karibu. Nilifungua kinywa. Nikatia kipande cha kiazi.

"Hodi," ikaja ya tatu, sasa kwa sauti ndogo.

Mzee akapuliza chai yake, akanywa.